Siku kumi Berlin na watoto wawili: yale ambayo ningependa kuambiwa kabla ya kuondoka

Wiki mbili kabla ya safari nilikaa mezani nikaipanga Berlin yote kwenye karatasi. Siku ya kwanza lango, mnara na ukuta. Siku ya pili makumbusho matatu. Siku ya tatu bustani ya wanyama asubuhi, ziwa jioni. Watoto wangu wana miaka 7 na 3. Ilipofika saa nane mchana ya siku ya kwanza, mdogo alikuwa amejilaza juu ya mawe mbele ya Brandenburger Tor, amelia mpaka sauti imekauka. Kaka yake amechuchumaa pembeni anasema miguu inamuuma. Mimi nina mkoba begani, chupa ya maji imeisha, na kwenye simu nina picha moja tu ambayo hakuna aliyetabasamu.

Usiku ule niliichana karatasi. Siku tisa zilizobaki tuliishi kwa namna nyingine kabisa, na hiyo ndiyo nataka kuieleza hapa, kwa sababu tangu turudi Dar wazazi wenzangu wananiuliza tulifika wapi na wapi. Swali lenye faida zaidi ni watoto walikula nini, walilala saa ngapi, na walikojoa wapi. Mtoto mdogo haendi kuuona mji. Anaishi humo kwa siku chache, kama anavyoishi nyumbani: anataka kula, kucheza chini, kulala mchana, na kurudi mahali anapopajua. Ukimpa hayo kwanza, atakupa saa mbili au tatu za kuona kitu kimoja, na hicho kimoja atakikumbuka. Siku moja, jambo moja. Hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni yetu.

Karatasi, nizimalize haraka

Kila mtoto anaombewa viza yake ya Schengen, ile ya kuingilia Ujerumani na nchi nyingi za Ulaya, hata awe wa miezi mitatu. Tangu Juni 2024 ada ni euro 90 kwa mtu mzima, euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na chini ya miaka 6 halipiwi. Walio chini ya miaka 12 hawachukuliwi alama za vidole. Bima ya afya ya safari isipungue euro 30,000 kwa kila mmoja. Vyeti vya kuzaliwa viwe vile vya RITA, wakala wa usajili wa Tanzania, vinavyosomeka vizuri. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, kwa hiyo usisubiri mwezi wa mwisho.

Mimi nilisafiri peke yangu na watoto kwa kuwa baba yao alibanwa na kazi. Kama ni hivyo kwako pia, pata barua ya ridhaa ya mzazi mwenzako iliyosainiwa mbele ya wakili, na ibebe mkononi, isiwe kwenye begi la kwenda chini. Niliulizwa barua hiyo zaidi ya mara moja, na mara zote nilikuwa na mtoto mmoja mgongoni.

Kuhusu chakula cha kubeba: nyama na vitu vya maziwa haviruhusiwi kuingia Ulaya kwenye mizigo ya abiria, hata kama mama mkwe amekukaangia kwa mapenzi yote. Matunda mengi nayo yanadai cheti cha afya ya mimea, embe likiwemo. Ila ndizi, nanasi, nazi na tende vimesamehewa. Nilibeba nazi nne na tende kilo moja, na zile nazi ziliokoa jioni nyingi kama nitakavyoeleza.

Jua lisilozama

Hakuna aliyeniambia habari ya mwanga. Tulikwenda Juni. Berlin mwezi huo jua linazama karibu saa tatu na nusu usiku, na kabla ya saa kumi na moja alfajiri limeshachomoza. Sisi tumezoea saa kumi na mbili ikipita giza linaingia, mtoto mwenyewe anajua siku imekwisha. Kule ukimwambia mwanao wa miaka mitatu alale saa mbili usiku anakuonyesha dirisha: “Mama, bado mchana!” Na kweli watoto wa jirani bado wanacheza uani. Kwa sisi Waislamu kuna hilo pia, kwamba Isha inaingia karibu na usiku wa manane, kwa hiyo mama mwenyewe halali mapema.

Dawa yake ilikuwa vitenge. Mdogo wangu, ambaye anasoma huko na ndiye aliyetupokea kwake, mtaa wa Neukölln, alikuwa na pazia jepesi tu la kupitisha mwanga. Tulining'iniza vitenge viwili juu ya pazia kwa vibanio vya nguo, chumba kikawa cheusi kama chumba cha kwetu umeme ukikatika, na tukaanza kulala. Wewe beba vitenge na vibanio kumi. Saa za Ujerumani wakati wa kiangazi ziko nyuma ya zetu kwa saa moja tu, kwa hiyo uchovu wa kubadilisha saa si tatizo. Tatizo ni mwanga.

Nguo nazo: usidanganyike na neno kiangazi. Kuna asubuhi tulitoka na masweta, saa sita wakabaki na singlendi, saa kumi ikanyesha mvua ya baridi. Nguo nyepesi juu ya nguo nyepesi, na koti la mvua la kila mtoto.

Treni, na ile siku mlango ulifungwa

Usafiri wa Berlin ni rafiki wa mzazi. Mtoto chini ya miaka 6 halipi, na wa miaka 6 hadi 14 analipa nauli iliyopunguzwa. Hakuna mageti ya kupita, unaingia moja kwa moja mpaka kwenye treni, na hapo ndipo wageni wengi wanapoingia matatani. Tiketi ya karatasi ukiinunua kwenye mashine lazima uigonge muhuri kwenye kisanduku kidogo pale kituoni kabla ya kupanda. Usipoigonga ni sawa na huna tiketi. Wakaguzi wanapanda wakiwa na nguo za kawaida, na faini ni euro 60. Angalia pia maeneo: mji umegawanywa A, B na C, na uwanja wa ndege uko C. Tiketi ya AB haikufikishi huko.

Kigari cha mtoto beba hata kama mwanao anatembea. Wangu wa miaka mitatu anakimbia kutwa nzima nyumbani, lakini kukimbia uani si sawa na kutembea kilomita tano juu ya mawe. Kiwe chepesi, kinachokunjwa kwa mkono mmoja, maana lifti za vituoni kuna siku hazifanyi kazi. Na beba mbeleko. Kila nilipokuta ngazi ndefu nilimfunga mgongoni, nikakunja kigari, nikapanda. Siku nyingine kabla sijafika hata kufungua mbeleko, kijana angeshika kigari upande wa mbele, mimi nyuma, tunapanda naye mpaka juu, anaondoka bila kusema neno. Wajerumani hawana maneno mengi kwa mtu wasiyemjua, lakini kigari kwenye ngazi hawakiachi.

Sasa ile siku. Tulikuwa tunatoka Alexanderplatz kwa U8, ile treni ya njano ya chini ya ardhi, tunarudi nyumbani. Kituo chetu ni Boddinstraße. Kituo kimoja kabla yake, Hermannplatz, nikaamua tushuke tununue mkate. Nilisukuma kigari nikatoka, nikageuka kumwita mkubwa. Alikuwa anaangalia picha kwenye ukuta wa behewa. Sauti ikasema “Zurückbleiben, bitte”, yaani kaeni nyuma tafadhali, milango ikajifunga. Namwona kupitia kioo. Ananiona. Nilichokiona usoni mwake sitakisahau. Kisha treni ikaondoka.

Kilichotuokoa ni maneno ya usiku uliotangulia. Mama yao mdogo alikuwa amewakalisha kitandani akawaambia: ukibaki ndani ya treni, shuka kituo kinachofuata, kaa kwenye benchi, usiende popote, mama atakuja na treni ya nyuma. Ukibaki nje, usisogee, mama atarudi. Aliwarudisha maneno hayo mara tatu mpaka wakayasema wenyewe. Nilisubiri ile treni ya pili, kama dakika tano hivi. Nilipofika Boddinstraße alikuwa amekaa kwenye benchi, na mama mmoja wa makamo aliyevaa hijabu ameketi naye, ameshika mkono wake. Hakujua Kiswahili wala Kiingereza, nami sikujua lugha yake. Aliponiona alisema “Alhamdulillah”, nami nikasema “Alhamdulillah”, tukakumbatiana pale kituoni kama ndugu.

Kwa hiyo: waambie watoto maneno hayo kabla hujakanyaga kituo chochote, na wayarudie. Waandikie namba yako ya simu kwenye mkono kwa kalamu ya wino kila asubuhi, pamoja na alama ya nchi, maana +255 bila ile + haisaidii kitu. Na mtu mzima ashuke wa mwisho. Watoto kwanza, kigari baadaye.

Juu ya ardhi, hatari ni baiskeli. Njia ya baiskeli mara nyingi iko juu, sambamba na ya waenda kwa miguu, imetofautishwa tu kwa rangi au aina ya tofali, na waendeshaji wanakuja kasi bila sauti, wanapiga kengele ukiwa umeshachelewa. Watoto wetu wamefundishwa kuogopa gari na bodaboda. Hiki ni kitu kipya. Siku ya kwanza tu tulifanya mazoezi uani kwa mama yao mdogo: hapa miguu, hapa baiskeli. Taa za barabarani zenyewe wakazipenda, kwa sababu yule mtu wa kijani mwenye kofia, aliyebuniwa upande wa Mashariki mwaka 1961, anaonekana kama anatembea kweli. Na usivuke ikiwa nyekundu hata kama barabara ni tupu. Mzazi anayevuka mbele ya watoto wa wenzake anaambiwa waziwazi, na nadhani wana haki.

Ukitaka watoto wauone mji bila kuchoka, wapandishe basi namba 100 kutoka Zoologischer Garten, ghorofa ya juu, viti vya mbele kabisa. Linapita kwenye mnara wa ushindi wenye malaika wa dhahabu, ikulu ya rais na jengo la bunge, linaelekea Alexanderplatz. Wangu walidhani wao ndio wanaliendesha. Kwa nauli ya kawaida ulikuwa utalii wetu wa siku nzima, kisha tukarudi kulala.

Mchanga, maji na chupa tupu

Berlin ina viwanja vya michezo vya watoto karibu kila baada ya mitaa michache, bure, wazi kwa yeyote. Si bembea mbili na utelezi wa bati. Ni meli za mbao, madaraja ya kamba, majoka ya kupanda, na chini mchanga mzito mweupe. Vingine vina pampu ya mkono na mifereji ya mbao: mtoto mmoja anapampu, wengine wanaziba kwa mchanga, maji yanatafuta njia. Mwanangu mdogo alikaa kwenye mfereji mmoja huko bustani ya Hasenheide asubuhi nzima, hakuuliza habari ya kwenda kokote. Pembeni kuna wanyama, mbuzi na kondoo wa kuangalia kwenye uzio, pia bure. Asubuhi hiyo haikuwepo kwenye karatasi yangu yoyote, nayo ndiyo aliyomsimulia bibi yake simu nzima.

Beba kikopo na kijiko cha plastiki cha kuchezea. Watoto wa pale wanaazimana vitu, lakini kwanza wanaangalia umekuja na nini. Na jiandae, watoto wadogo wakati wa joto wanacheza uchi kwenye maji, na kando ya maziwa hata watu wazima wengine huvua. Wangu walishangaa, nikawaambia kwetu tunavaa, basi. Hawakuuliza tena.

Mkubwa yeye alipata kazi. Chupa ya plastiki au kopo la kinywaji ukilinunua unalipia senti 25 za ziada, ukirudisha tupu kwenye mashine ya dukani unarudishiwa. Wanaita Pfand. Alipoona chupa inamezwa na mashine, inazunguka, kisha namba inapanda, hakuna jumba la makumbusho lililoweza kushindana. Akawa anakusanya chupa za nyumba nzima kila jioni, anajumlisha: chupa nne euro moja, chupa kumi euro mbili na nusu. Hesabu ya desimali aliyokuwa anaikimbia shuleni aliimaliza mbele ya mashine ile.

Chakula

Siku tatu za kwanza walikula mkate na mtindi tu. Mgeni yeyote anaweza kusema watoto watazoea. Wangu hawakuzoea, wakaanza kuwa na hasira bila sababu, mpaka mdogo wangu akapika wali wa nazi kwa zile nazi zetu, na maharage. Walikula mpaka wakalala mezani. Tangu siku ile tulipika chakula cha kwetu mara moja kila siku, jioni, na mchana wakala chochote kilichopatikana. Kwa hiyo kama unaweza, panga mahali penye jiko badala ya chumba cha hoteli. Unga wa mahindi unapatikana kwenye maduka ya Waafrika, hasa upande wa Wedding. Bamia, dengu na nyama ya halali ziko tele Kreuzberg na Neukölln, na kando ya mfereji, mtaa wa Maybachufer, kuna soko la Waturuki kila Jumanne na Ijumaa.

Kwa wasiokula nguruwe, neno la kujifunza ni Schwein. Soseji maarufu ya mji ule, inayomwagiwa mchuzi wa nyanya na bizari, kwa kawaida ni nguruwe. Lakini kinachonasa watoto ni pipi laini zenye umbo la dubu: nyingi zina jelatini ya nguruwe, na watu wazuri wanawagawia watoto wako kwenye treni kwa upendo. Niliwafundisha wangu kushukuru, kupokea, na kunipa mimi kwanza. Maduka ya Waturuki yanauza zile zenye jelatini ya ng'ombe, nikawa nazo mfukoni za kubadilishana.

Maji ya bomba ni salama, jaza chupa nyumbani. Mgahawani ukiagiza maji unaweza kuletewa yenye gesi. Binti yangu alipiga funda moja akatema mezani na kulia kwamba yanauma. Jumapili maduka yamefungwa mji mzima isipokuwa ya vituo vikubwa vya treni na viduka vidogo, kwa hiyo Jumamosi nunua maziwa, mkate na pampasi. Tembea na sarafu na kadi ya benki, maana vyoo vingi vya umma vinalipiwa na mtoto hasubiri uchenji.

Homa ya Jumamosi usiku

Siku ya tano mdogo alishikwa na homa. Nilijua nitapata panadoli duka lolote, kama kwetu. Ujerumani dawa, hata ya homa, zinauzwa kwenye famasi tu, na famasi zinafungwa mapema Jumamosi. Ila kila usiku kuna famasi za zamu. Mlangoni mwa famasi iliyofungwa kuna karatasi inayoonyesha ya zamu iko wapi. Unabonyeza kengele, mfamasia anafungua kidirisha, anakuuzia, na kuna euro 2.50 za zamu. Nilikwenda na mtoto mgongoni saa tano usiku, nikapata dawa ya maji, homa ikashuka asubuhi. Wewe beba dawa yako ya homa, kipimajoto na ORS kutoka nyumbani. Na weka namba hizi kwenye simu: 112 kwa dharura, 116117 kwa daktari wa usiku na wikendi pale ambapo si dharura.

Mnyama wa Lindi

Sasa nije kwenye lile jambo ambalo kwa Mtanzania linatosha kuipa Berlin nafasi juu ya miji mingine yote ya Ulaya.

Mtaa wa Invalidenstraße kuna makumbusho ya viumbe, Museum für Naturkunde. Hufungwa Jumatatu. Ukiingia ukumbi wa kwanza, kabla hujafungua hata kigari, mbele yako amesimama mnyama wa mifupa mwenye kimo cha mita 13.27, shingo imepanda kama mnazi kuelekea dari la kioo. Ni dinosauri aliyefukuliwa Tendaguru, mkoani Lindi. Ameishi miaka kama milioni 150 iliyopita, na jina lake, Giraffatitan, limetokana na twiga.

Babu mzaa baba wa watoto wangu ni Mmwera wa Lindi. Mkubwa alikuwa anajua kusoma vya kutosha. Alipita kwenye kibao, kidole kinafuata herufi, akafika kwenye neno Tendaguru, akasimama. “Mama. Hii si kwa babu?” Nikamwambia ndiyo, ni kwa babu. Akarudi nyuma hatua kama kumi, akainua kichwa mpaka kofia ikaanguka, akamwangalia mnyama upya. Mdogo yeye alikaa sakafuni chini ya kamba, mbele ya mguu, akapima: kichwa chake kilikuwa hakijafika hata goti.

Nilimweleza kwa kadiri ya miaka yake. Kwamba Wajerumani walipokuwa wanaitawala nchi yetu, mwaka 1909 hadi 1913, walichimba pale mlimani, na waliochimba kwa mikono walikuwa watu wa kwetu, mamia yao, chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani, ambaye alikuwa hodari wa kuutoa mfupa bila kuuvunja. Kwamba ilikuwa miaka michache tu baada ya vita vya Maji Maji, watu wametoka kwenye njaa na misiba. Kwamba hakukuwa na gari. Mifupa ilifungwa vizuri, ikabebwa vichwani na mabegani siku nne kwa miguu mpaka Lindi, zaidi ya tani 200 kwa jumla, ikapakiwa melini. Na kwamba ilichukua miaka mingi kuunganisha, mpaka 1937 ndipo mnyama akasimama.

Akauliza: “Na kwa nini hawakumrudisha?” Swali hilo wazazi jiandaeni nalo, maana litakuja. Mimi nilimjibu kweli, kwamba watu wazima wa Tanzania na Ujerumani bado wanalizungumza, wengine wanataka arudi, na wengine wanataka tufaidike naye kwa njia nyingine. Tukampigia babu kwa video. Babu alikuwa barazani kwake, mtandao unakatika, anasema sogeza, sogeza simu juu. Mkubwa akaiinua simu kwa mikono miwili kuelekea kichwa cha mnyama. Babu akanyamaza. Kisha akasema, “Haya, mwambieni tunamsalimu.” Mdogo akamwambia mnyama, kwa sauti kubwa, “Babu anakusalimu!” Ukumbi mzima ukageuka.

Tulikaa humo saa mbili, kwenye ukumbi huo mmoja karibu muda wote. Kuna mengine mengi mle, sikuyagusa, na sijuti.

Kuna na mitaa. Neukölln, si mbali na Hermannplatz, mtaa uliokuwa na jina la Wissmann, gavana wa Kijerumani, tangu 2021 unaitwa Lucy-Lameck-Straße, jina la mama yetu aliyekuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza serikalini baada ya uhuru. Na Wedding, kwenye mitaa yenye majina ya Kiafrika ambako pia kuna Sansibarstraße, barabara iliyokuwa ya Carl Peters, yule mkoloni wa Kijerumani tuliyemwita Mkono wa Damu, mwaka 2024 iligawanywa majina mawili, na kipande kimoja ni Maji-Maji-Allee. Mpige mwanao picha chini ya kibao. Haigharimu kitu, na siku atakapofika sura ya Maji Maji shuleni ataitoa mwenyewe.

Mengine, kwa ufupi

Bustani ya wanyama ya mjini, iliyofunguliwa 1844, ni nzuri, lakini mtoto aliyekwisha kuona tembo Mikumi nenda naye kwa ajili ya panda tu. Kuba la kioo la bunge ni bure na watoto wanapenda kulizunguka kwa ile njia ya mviringo, ila jiandikishe mapema na ubebe pasipoti. Makumbusho ya Pergamon yamefungwa kwa ukarabati tangu 2023, sehemu yake itafunguliwa 2027. Ukuta wa Berlin hauna maana kwa mtoto ukimwonyesha zege. Tafuta ule mstari wa mawe mawili mawili uliotandikwa barabarani mahali ukuta ulipopita, mwambie aweke mguu mmoja huku na mwingine kule. Mkubwa alitembea hivyo kama mita mia, kisha akauliza kama babu angekuwa huku na bibi kule ingekuwaje. Tulizungumza hilo njia nzima kurudi.

Siku ya mwisho iache tupu. Sisi tuliimalizia Tempelhofer Feld, uwanja wa ndege wa zamani uliofungwa 2008 na sasa ni bustani ya watu wote, njia za kurukia ndege zimebaki vilevile, na watoto wanaruhusiwa kukimbia katikati yake. Mdogo alilala ndani ya kigari kwenye upepo, kanga juu ya uso. Mkubwa alikwenda mpaka mwisho wa njia ya ndege kwa baiskeli ya kuazima, akawa kama nukta, akageuka, akarudi. Mfukoni alikuwa na euro 6 na senti 75 za chupa. Jana yake alikuwa ameniomba turudi Invalidenstraße, kwenye duka la makumbusho, akanunua kwa hela yake kadi yenye picha ya mnyama, na nyuma yake ameandika kwa penseli jina la babu, na chini yake Lindi.